Mpishi wa Watoto Mia Tatu na Mama Asiyekula

Kwa miaka kumi na minne Coleta alipika katika shule moja ya msingi kata ya Mazwi, mjini Sumbawanga, na kwa miaka yote hiyo ilikuwa nadra kuona sahani ikirudi jikoni na ugali. Watoto walikuwa zaidi ya mia tatu. Alisonga akiwa amesimama juu ya matofali mawili, ameshika mwiko mrefu kama mpini wa jembe, moshi wa kuni ukimtoa machozi. Kengele ya mchana ilipolia, ugali ulikuwa umeiva hadi ndani na haugandi kwenye vidole. Walimu waliohamishiwa wilaya nyingine walikuwa wakipiga simu kusalimia na kuuliza, "Mama Zita bado yupo jikoni?" Zita ni binti yake, aliyekuwa akisoma sekondari ya bweni huko Mpanda.

Upishi alifundishwa na mama yake, Fransiska, mkulima wa mahindi na ulezi katika kijiji kimoja cha uwanda wa juu, ambako upepo wa Juni unapenya hata blanketi mbili. Bibi Fransiska hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimfundisha binti yake kwa kumnyang'anya mwiko alipokosea na kumrudishia alipoona ameelewa.

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, shule ilipata majiko ya gesi. Agizo lilikuwa la nchi nzima: taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja ziache kuni. Coleta hakulipinga. Macho yake yalikuwa yamechoka, na alipoona majiko mawili makubwa yanang'aa alishangilia kama wenzake. Fundi aliyeyafunga aliwaonyesha wapishi namna ya kufungua na kufunga mtungi, akawaambia moto ni moto tu, akapanda pikipiki yake akaondoka.

Moto haukuwa moto tu. Siku ya kwanza ugali uliungua katikati na kubaki mbichi pembeni. Siku ya pili Coleta alipunguza moto, maji yakachelewa kuchemka, watoto wakala saa tisa. Siku ya tatu aliongeza maji, akapata kitu ambacho si ugali wala si uji. Alijaribu kuanza na uji mwepesi na kuuacha utokote muda mrefu. Alijaribu sembe badala ya dona. Alijaribu kuzungusha sufuria kila baada ya dakika chache, yeye na mwenzake Kija, mmoja huku mmoja kule, mpaka siku moja sufuria nusura liwamwagikie miguuni.

Kija ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Wazazi wake walitoka Usukumani na ng'ombe wao wakaja kuishi Ilemba, na yeye akaolewa mjini, nyumba ya tatu kutoka kwa Coleta. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti kubwa, na Kifipa chake kilikuwa cha salamu tu.

"Mama Zita," alisema siku ile sufuria lilipoyumba, "hii gesi itatuua kabla ya moshi."

Watoto nao walikuwa na jina lao. "Ugali wa gesi," walisema, wakifinyanga matonge na kurushiana. Kufikia Pasaka, ndoo za makombo zilikuwa zinajaa, na jirani mmoja mwenye nguruwe alikuwa akipita kila mchana kuzichukua akiwa na furaha ambayo Coleta hakuweza kuivumilia.

Wakati bado anahangaika na hilo, mwezi wa tano, akapigiwa simu kutoka kijijini. Mama yake alikuwa ameanguka mlangoni pa jiko lake, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, mdomo umepinda. Walimleta mjini kwa gari la kukodi. Ilikuwa kiharusi. Alilazwa siku nane, na siku ya kuruhusiwa muuguzi alimweka Coleta pembeni.

"Maji mepesi yatampalia," alimwambia. "Mpe vitu vizito kidogo, laini, visivyo na mabonge. Umkalishe wima, usimlishe akiwa amelala. Na ale, mama. Asipokula atatuishia."

Coleta aliitikia kwa kichwa akiwa karibu kucheka. Kulisha mtu mmoja! Yeye?

Alimtandikia mama yake chumba cha Zita, akampikia uji wa lishe wenye karanga na soya, akamnyanyua kwa mito na kumpelekea kijiko mdomoni. Bibi Fransiska alionja, akafunga mdomo. Kisha akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akaunyoosha mbele, kiganja kikiwa wazi kuelekea bakuli.

"Hataki," alisema Coleta.

Kesho yake alimpondea ndizi. Mkono ukanyooshwa. Akapika viazi mviringo, akaviponda na maziwa mpaka vikawa kama siagi. Vijiko viwili, basi. Akachuja maharage kwenye chujio la chai kwa nusu saa nzima, akapata ujiuji wa rangi ya tope la barabarani, na mama yake aliutazama kwa macho ya mtu aliyetukanwa. Akanunua migebuka, samaki wa ziwani kutoka Kasanga, akamtengenezea supu, na hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu supu ilikuwa nyepesi. Mama alipaliwa, akakohoa mpaka midomo ikageuka rangi, na Coleta akampigapiga mgongoni huku akiita majina yote ya watakatifu aliowakumbuka.

Baada ya hapo aliazima mashine ya kusagia juisi kwa jirani, akasaga ugali na dagaa pamoja. Mume wake, Leonidas, fundi wa kuchomelea mwenye karakana yake mbele ya nyumba, ndiye aliyejitolea kuonja. Alisimama muda mrefu na kijiko mdomoni.

"Vipi?" aliuliza Coleta.

Leonidas alitoka nje akatema. "Mke wangu," alisema aliporudi, "nakupenda sana. Huyo mama usimpe hii."

Kulikuwa pia na sauti. Tangu alipougua, bibi Fransiska hakuweza kutamka neno zima. Kitu pekee kilichomtoka kila alipoletewa chakula kilikuwa "Mo... mo...", mkono ukiwa mbele. Coleta alifikiri anataka muhogo, akachemsha muhogo na kuuponda. Hapana. Akafikiri anamtaka Modesti, kaka yake Coleta, aliyekuwa akifanya kazi mgodini Chunya. Wakampigia simu Modesti, wakamwekea mama sikioni. Machozi yalimtiririka aliposikia sauti ya mwanawe, lakini simu ilipokatika, uji ulibaki vilevile.

Jambo jingine lililomjia Coleta ni ukwe. Kwa heshima yao, mama mkwe kulishwa kama mtoto huku mkwewe yupo karibu ni aibu isiyosemeka. Leonidas mwenyewe hakuwahi kuvuka kizingiti cha kile chumba. Coleta alipokuwa kazini, Leonidas aliweka stuli yake ukumbini, upande ambao hawaonani, akawa anaacha kazi kila baada ya muda na kumsimulia mama mkwe wake habari za mjini bila kutarajia jibu. Coleta alimwomba aende karakana ya rafiki yake wakati wa chakula. Alikwenda siku tatu mfululizo bila kuuliza, akarudi jioni akiwa na baridi. Haikusaidia. Kufikia katikati ya Juni nguo za mama zilikuwa zinamning'inia, na pete ya ndoa ilianguka yenyewe kitandani.

Alhamisi moja mambo yote mawili yalikutana. Mchana, darasa zima la sita liligoma kupanga foleni. Mwalimu mkuu, Mwalimu Shedrack, alimwita Coleta ofisini na kumvutia kiti mwenyewe, na kwa hicho kiti Coleta akajua habari si nzuri.

"Mama Zita, wewe ni mtu wetu," alisema, akiangalia meza. "Ila Ijumaa ijayo tuna kikao cha wazazi. Kamati imeshasikia. Kuna kijana amesomea mambo ya hoteli, wanataka ajaribiwe."

"Nimekosea nini, mwalimu?"

"Hujakosea. Watoto hawali."

Alikimbia nyumbani akiwa na hayo kichwani. Alipasha uji, akamketisha mama yake, akapeleka kijiko. Mdomo ukafungwa, mkono ukanyooshwa na kugonga bakuli, uji ukamwagika kwenye shuka safi aliyoifua alfajiri kwa maji ya baridi kali.

"Basi usile!" alipiga kelele Coleta. "Kaa hivyohivyo! Si unataka kufa? Mimi nifanye nini tena, mama? Niambie nifanye nini!"

Nyundo ya Leonidas ilinyamaza kule mbele. Bibi Fransiska alimtazama binti yake, mdomo ukatetemeka, "Mo...", akashindwa, akageuzia uso ukutani. Coleta alitoka akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akiwa ameshika lile bakuli tupu. Hakuwa amewahi maishani kumpandishia mama yake sauti. Alikaa hapo mpaka Leonidas akaja na ndoo ya maji, akaichukua shuka na kuanza kuifua.

Jumapili baada ya misa Kija alikuja kumwona mgonjwa. Alikuwa amekuja mara nyingi, lakini siku zote akisalimia mlangoni na kuondoka. Safari hii alileta kibuyu cha maziwa mgando kutoka kwa wazazi wake wa Ilemba, akaingia hadi ndani.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti yake kubwa, akapiga goti.

Bibi Fransiska aliitikia kwa kichwa. Coleta alileta bakuli la uji wa ulezi, zaidi kwa mazoea kuliko kwa matumaini, na mambo yakawa yaleyale. Mdomo, mkono, "Mo... mo..."

"Unaona?" alisema Coleta. "Ananisukuma. Kila siku ananisukuma."

Kija alikuwa akiutazama ule mkono. Akasogea, akakaa kitandani upande wa pili, akaugusa.

"Mbona wa baridi hivi?" Akamgeukia Coleta. "Mama Zita, hasukumi huyu. Angalia vidole. Hivi si ndivyo mtu anavyokaa akiota moto?"

Coleta aliangalia. Kiganja kilikuwa wazi, vidole vimetanuka kidogo, mkono hauna nguvu yoyote ya kusukuma.

"Moto," alisema Kija, akimwinamia bibi. "Mama, unataka moto?"

Bibi Fransiska alifumba macho, na kichwa kikashuka chini na kupanda, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama mtu aliyetua mzigo alioubeba tangu mbali. Machozi yalimtoka hata upande wa uso uliolala.

Coleta alikaa sakafuni palepale. Ilimjia yote kwa pamoja. Miaka sabini na mitatu mama yake alikula mafigani, kwenye jiko la udongo, miguu imeelekea moto. Hapa mjini aliwekwa kwenye chumba cha saruji katikati ya kipupwe, akaletewa chakula kwenye trei kutoka kusikojulikana. Na binti yake, mpishi, kwa wiki nne alikuwa anabadilisha kilichomo ndani ya bakuli.

"Twende kwangu," alisema Kija, ameshasimama. "Mafiga yangu yako nje nyuma ya nyumba, na kuni bado zinawaka. Leteni kiti."

Leonidas aliitwa. Kwa mara ya kwanza alivuka kizingiti kile, akiinamisha uso, akisema "Samahani, mama, samahani," na yeye na mume wa Kija wakambeba bibi Fransiska kwenye kiti cha plastiki, amefungwa kanga mbili na blanketi, kupita nyumba tatu. Watoto wa mtaani waliacha mpira wao wakatazama. Walipomtua karibu na moto, wanaume waliondoka wenyewe.

Kija alisukuma kuni. Moto ulishika, ukalamba chini ya sufuria pande zote. Bibi Fransiska alinyoosha mkono wa kushoto, kisha akaushika ule wa kulia kwa ule wa kushoto na kuuleta nao mbele ya moto. Alikaa wima kabisa, wima kuliko mito yote ilivyowahi kumkalisha, na rangi ikaanza kumrudia usoni.

Coleta alipasha ule uji wa ulezi mbele ya macho yake, akausonga na mwiko mpaka ukawa mzito, akachanganya na maziwa mgando ya Kija. Akapuliza kijiko. Mdomo ukafunguka.

Alihesabu. Kijiko cha tano, cha nane, cha kumi na mbili. Kwenye cha kumi na tatu bibi Fransiska alisogeza mkono mzima, akachukua kijiko mwenyewe kutoka kwa binti yake. Mkono ulitetemeka, uji ukadondoka kwenye kanga, lakini kijiko kilifika. Bakuli lilipoisha, akalitazama tena.

"Anataka la pili!" Kija alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia ukutani.

Coleta alicheka na kulia, akajifuta kwa kanga, akasonga bakuli la pili.

"Mama, nisamehe kwa Alhamisi," alisema kwa Kifipa, kwa sauti ya chini. Mama yake alimwekea ule mkono wa kushoto, uliokuwa sasa na joto, juu ya goti.

Walikaa pale mpaka jua likaanza kushuka, wakila viazi vitamu vya Kija. Coleta alikuwa akitazama moto bila kuwaza kitu, kisha akawa anautazama kwa kuwaza. Mafigani, moto unapanda na kutawanyika, unashika chini yote ya sufuria. Gesi inatoa ulimi mmoja katikati. Kwa karibu miezi sita alikuwa amebadilisha maji, unga na mwiko, na hakuwahi kugusa moto wenyewe.

Jioni ileile alimwambia Leonidas, "Nataka chuma. Kizito, cha kukaa kati ya gesi na sufuria, kitawanye moto."

Leonidas hakucheka. Alichimba kwenye vipande vyake vya chuma karakanani, akapata bamba nene lililobaki kwenye kazi ya geti, akalikata mviringo. Jumatatu asubuhi walilijaribu shuleni wakiwa na Kija. Lilikaa juu kabisa ya jiko, likaubana moto, ukawa mwekundu na kutoa masizi. Coleta alifunga gesi haraka.

"Halipumui," alisema Leonidas. Akalirudisha, akalichomelea miguu mitatu mifupi na kulitoboa matundu. Jumanne moto ulikuwa wa buluu lakini maji yalichelewa. Jumatano Coleta aliwasha jiko mapema, saa tatu, chuma kikapata moto wa kutosha kabla ya sufuria kukaa, na akagawa ugali kwenye masufuria mawili badala ya moja, la pili likikaa juu ya bamba hilohilo la kwanza likishatoka. Alisonga la kwanza, Kija la pili. Alipochota pembeni akaonja, alifumba macho. Umeiva. Akachota katikati. Umeiva pia, haujaungua.

Darasa la sita walipanga foleni kwa kunung'unika. Mtoto mmoja wa kike, Lydia, alikata tonge, akachovya kwenye maharage, akatafuna polepole, akamgeukia mwenzake: "Leo ni wa kuni?"

"Kuni zipo wapi? Kula wewe."

Siku ile mwenye nguruwe alikuta ndoo moja tu, nayo haijafika nusu. Aliinua, akaitikisa. "Vipi tena, mama?"

"Tafuta pumba," Kija alimwambia.

Ijumaa wazazi walikaa darasani kwenye madawati ya watoto wao. Mwalimu Shedrack alisoma ajenda, akafika kwenye chakula. Badala ya kusema, alimwomba Coleta agawe. Alikuwa ametayarisha ugali wa watu sitini na dagaa wa nyanya. Wazazi walikula. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa na maneno makali tangu Pasaka, alikula kimya, akamaliza, akalamba kidole gumba.

"Hili la mpishi nadhani tulipite," alisema. "Ajenda inayofuata."

Mwalimu Shedrack alimfuata jikoni baadaye, akalizunguka lile bamba mara mbili, akamuuliza kama mumewe anaweza kutengeneza la pili kwa jiko la pembeni. Akasema kuna shule mbili za jirani zenye shida ileile, atawapa namba ya simu ya Leonidas.

Jumamosi hiyo, baada ya wiki nzima ya kumbeba mama kwenda kula kwa Kija, Leonidas na mume wa Kija walimaliza kujenga kibanda cha matofali mabichi nyuma ya nyumba, chenye mafiga matatu, paa la bati na tundu kubwa la moshi. Muuguzi, walipompeleka mgonjwa kupimwa asubuhi hiyo, alimpandisha kwenye mzani na kusema kilo moja na nusu zimerudi. Akasikiliza habari ya moto mpaka mwisho, akasema kukaa wima na kupata joto humsaidia mgonjwa kumeza, akaandika kitu kwenye kadi. "Endeleeni hivyohivyo," alisema. "Ila moshi utoke nje."

Walirudi nyumbani mchana. Coleta alimkalisha mama yake kibandani, akawasha moto, akaweka bakuli mbele yake na kijiko. Hakumlisha tena, alimwachia. Kisha akaingia ndani kuchukua chumvi, akakaa kitandani avue viatu kidogo tu.

Aliamka jioni, kiatu kimoja bado mguuni. Mtu alikuwa amemfunika blanketi. Kutoka nyuma ya nyumba alisikia sauti ya Leonidas, aliyekaa nje ya kibanda, mgongo kwa mama mkwe wake kama heshima inavyotaka, akimsimulia bei ya mahindi sokoni, na kila alipomaliza sentensi, mama alikuwa akijibu kwa sauti ndogo, nzito, iliyopinda kidogo: "Ee."